Chipu ni nzima, adapta ndiyo haikuulizwa

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Najifunza kuandika draiva za Linux. Nina chipu ya kupimia joto, LM75, ndani ya chumba cha baridi cha kuhifadhia minofu ya samaki hapa Mwanza. Kwenye Raspberry Pi draiva yangu inasoma joto vizuri kwa i2c_transfer. Nimehamia kompyuta ya kiwandani yenye prosesa ya Intel. Nikipiga i2cdetect chipu naiona kwenye anwani 0x48, lakini kila nikisoma narudishiwa -95. Nikabadilisha nikatumia i2c_smbus_read_word_data. Kosa likaisha, ila joto linaruka: mara 0.9, mara -127, na kipimajoto cha ukutani kinasema -18. Nimesikia kuna namna ya kukagua uwezo wa adapta. Niukague wapi, na ukikosekana nifanye nini?"

Marahaba. Kwanza usiing'oe hiyo chipu wala usibadilishe nyaya. Namba ulizonipa, 0.9 na -127, zinathibitisha kwamba chipu inasema kweli na kompyuta inaisikia. Una matatizo mawili yaliyoshikana: draiva haikuuliza adapta, yaani kidhibiti cha I2C ndani ya kompyuta, inaweza nini, na ulipobadili njia ya kusoma, baiti mbili zikageuka mbele nyuma. Nitaanza na la adapta, maana hilo ndilo litakalokufuata kwenye kila draiva utakayoandika.

I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982. Ni waya mbili, mmoja wa mapigo ya saa na mmoja wa data, na juu yake unaweza kutuma ujumbe wa umbo lolote: andika baiti tatu, anza upya, soma baiti 50, upendavyo. Miaka ya tisini Intel na Duracell wakachukua waya zilezile wakaziwekea sheria kali zaidi kwa ajili ya betri za kompyuta za mkononi. Hiyo ndiyo SMBus. Katika SMBus huna uhuru wa kutunga ujumbe; una orodha ya miamala iliyokwisha kupangwa: soma baiti, andika baiti, soma neno la baiti mbili, soma bloku, na kadhalika.

Sasa angalia mashine zako mbili. Adapta ya Raspberry Pi inajua I2C kamili. Ya kompyuta yako, inayoendeshwa na draiva ya i2c-i801, imejengwa kwa SMBus peke yake. Unaiandikia anwani, amri na data kwenye rejista zake (visanduku vidogo vya namba ndani ya kifaa), unaipa ishara ya kuanza, nayo inaendesha muamala wote yenyewe. Hakuna mahali pa kuiambia "tuma hiki, kisha anza upya, kisha soma kile" kwa mpangilio wako. Kwa hiyo ulipoita i2c_transfer, keneli, yaani kiini cha Linux, iliangalia ikaona adapta hii haina kabisa kazi ya kupitisha ujumbe huru, ikakurudishia -EOPNOTSUPP, ambayo ndiyo hiyo -95. Hakuna hata pigo moja la umeme lililofika kwenye chipu.

Na kwa nini i2cdetect iliiona? Kwa sababu kwenye anwani kama 0x48 i2cdetect hutumia muamala mdogo kuliko yote wa SMBus, ule wa Quick: inaita anwani, inasubiri chipu iitike, basi. Adapta yako inauweza. Kuonekana kwenye i2cdetect kunakwambia kuna kitu kimeitika pale, hakukwambii draiva yako itaweza kuongea nacho kwa namna uliyoichagua. Watu wengi husimama hapo wakaanza kulaumu chipu.

Kabla hujagusa msimbo, piga amri hizi mbili kwenye kila mashine utakayotumia:

```
i2cdetect -l
i2cdetect -F 0
```

Ya kwanza inaorodhesha adapta na namba zake. Badilisha hiyo 0 kwa namba ya adapta yako. Ya pili inachapisha kila uwezo na jibu la ndiyo au hapana. Kwenye Pi utaona mstari wa "I2C" umejibiwa ndiyo. Kwenye kompyuta ya Intel mstari huohuo umejibiwa hapana, huku kusoma na kuandika baiti na neno vikijibiwa ndiyo. Weka matokeo ya mashine zote mbili kando kwa kando. Makutano yake ndiyo uwanja wako wa kuchezea: kila utakachojenga juu ya makutano hayo kitafanya kazi kote.

Ndani ya keneli habari hiyohiyo ni namba moja ya biti 32. Kila draiva ya adapta ina kazi ndogo iitwayo functionality inayorudisha namba hiyo, na kila biti ina maana yake: 0x1 ni I2C_FUNC_I2C, 0x8 ni PEC, baiti ya kukagua makosa ya usafirishaji, 0x200000 ni kusoma neno, 0x400000 ni kuandika neno. Draiva yako inauliza kwa i2c_check_functionality. Kilichomo ndani ya kazi hii ni mstari mmoja tu: inachukua biti ulizoomba, inazilinganisha na biti za adapta, na inakubali pale tu ambapo zote ulizoomba zipo. Nasisitiza zote, kwa sababu nimeona mara nyingi mtu akichukua i2c_get_functionality mwenyewe, akaweka alama ya & kati yake na biti mbili, akaandika if. Hapo hata biti moja ikiwepo, sharti linapita, na draiva inaingia kazini ikiwa na nusu ya inachohitaji.

Mahali pa kuuliza ni mwanzoni mwa probe, kazi ambayo keneli huiita inapoikutanisha draiva na chipu, kabla ya kutenga kumbukumbu, kabla ya kusajili chochote. Kwa chipu yako inatosha hivi:

```
static int baridi_probe(struct i2c_client *client)
{
        struct i2c_adapter *adap = client->adapter;

        if (!i2c_check_functionality(adap,
                        I2C_FUNC_SMBUS_READ_WORD_DATA))
                return dev_err_probe(&client->dev, -EOPNOTSUPP,
                        "adapta %s haisomi neno la baiti mbili\n",
                        adap->name);

        /* kutenga kumbukumbu na kusajili kunafuata hapa */
}
```

Angalia nimeomba nini. Sikuomba I2C_FUNC_I2C. Hilo ndilo kosa la kawaida la anayetoka kwenye Pi: anajua chipu yake ni ya I2C, basi anaomba I2C. Lakini biti hiyo haiulizi kama waya ni za I2C. Inauliza kama adapta inaweza kupitisha ujumbe huru. Ukiiomba, draiva itakataa kompyuta ya Intel ambayo ingeweza kabisa kusoma joto lako. Sikuomba I2C_FUNC_SMBUS_EMUL pia, ile inayobeba karibu kila kitu kwa jina moja. Ni fupi kuandika, lakini ndani yake mna Quick, na zipo adapta ambazo haziwezi kutuma ujumbe wa urefu wa sifuri na kwa hiyo huiondoa Quick kwenye orodha yao. Draiva yako haitumii Quick popote, lakini itakataa kufanya kazi kwa sababu yake. Omba kile utakachoita kwenye msimbo, hichohicho. Siku ukiongeza kumlaza LM75 kwa kuandika rejista yake ya 1, urudi kwenye mstari huu uongeze I2C_FUNC_SMBUS_BYTE_DATA, ambayo ni kusoma na kuandika baiti kwa pamoja.

Utauliza: je, kwenye Pi, adapta ya I2C tupu itaelewa muamala wa SMBus? Itaelewa. Adapta isiyo na kazi yake maalumu ya SMBus, keneli huujenga muamala huo kwa ujumbe wa kawaida wa I2C, nayo adapta ya Pi inatangaza uwezo huo wa kuiga. Kwa hiyo i2c_smbus_read_word_data inapita kote, ilhali i2c_transfer inapita upande mmoja. Ndiyo maana kwa chipu ndogo za rejista kama yako mimi huandika kwa miito ya SMBus tangu siku ya kwanza, hata kama bodi iliyo mezani inaweza zaidi.

Neno juu ya kosa la kurudisha. Ninarudisha -EOPNOTSUPP na ujumbe wenye jina la adapta. Draiva nyingi hurudisha -ENODEV hapa. Shida yake ni kwamba keneli huichukulia -ENODEV kama draiva iliyosema tu "hiki si changu", na kwa kawaida haichapishi lolote. Niliwahi kupoteza siku mbili nzima mbele ya bodi moja ambapo draiva haikujifunga kwenye chipu na dmesg, yaani kumbukumbu za ujumbe wa keneli, ilikuwa kimya. Sababu ilikuwa ukaguzi wa uwezo uliorudisha -ENODEV bila ujumbe. Mtu atakayefunga mfumo wako mwaka kesho hatakuwa na wewe kando, mwachie sentensi.

Sasa zile namba zinazoruka. LM75 hutoa baiti kubwa kwanza, kisha ndogo. SMBus imeamua kinyume: baiti ya kwanza kufika ndiyo ndogo. Nyuzi -18 kwenye LM75 ni 0xEE00. Zikifika kupitia neno la SMBus zinakuwa 0x00EE, yaani 238, na ukigawa kwa 256 unapata 0.93. Chumba kikipanda nusu nyuzi hadi -17.5, rejista inakuwa 0xEE80. Ikigeuzwa ni 0x80EE, ambayo kama namba yenye alama ni -32530, sawa na nyuzi -127. Ndizo namba zako mbili, na zinaniambia chumba chako kinacheza kati ya -18 na -17.5. Dawa ni mwito uliotengenezwa kwa ajili ya chipu za namna hii:

```
int v = i2c_smbus_read_word_swapped(client, 0x00);
if (v < 0)
        return v;
*milli = ((s16)v >> 7) * 500;
```

Mpangilio wa mistari hiyo una maana. Kosa hurudi kama namba hasi, na joto lako pia ni hasi. Pokea kwenye int, kagua kosa, ndipo uligeuze kuwa s16, namba yenye alama ya biti 16. Ukianza na s16, neno 0xEE00 litaonekana kama kosa na chumba cha baridi hakitasomeka kamwe, wakati mezani kwako kwenye nyuzi 27 kila kitu kinaonekana safi.

Swali lako la mwisho ndilo zito: adapta ikikosa uwezo, ufanye nini? Kuna njia tatu, na kuchagua kunategemea kifaa kinapima nini.

Njia moja ni kushuka ngazi. Tuseme umekutana na adapta inayosoma baiti tu. Ukisoma baiti moja kutoka rejista 0 ya LM75 unapata baiti kubwa, ambayo ni nyuzi kamili. Kinachopotea ni ile nusu. Inaonekana hasara ndogo. Lakini tazama inapotea upande gani: kwenye -17.5 baiti kubwa ni 0xEE, na utaripoti -18. Draiva itasema chumba kina baridi zaidi ya kilivyo, kila nusu inapopotea. Kwa feni ya kompyuta ningekubali. Kwa minofu ya samaki ambayo mtu atakula, na ambayo kengele yake ya hatari imewekwa kwenye mpaka wa -18, sikubali. Hapo ningechukua njia ya pili: draiva ikatae kwa sauti, mtu abadilishe adapta.

Kushuka ngazi kuna hatari nyingine inayojificha zaidi. Keneli ina i2c_smbus_read_i2c_block_data_or_emulated, ambayo husoma bloku adapta ikiiweza, isipoiweza husoma maneno, na hayo yakikosekana husoma baiti mojamoja. Kwa kumbukumbu za EEPROM, zile zisizofutika umeme ukikatika, ni msaada mkubwa. Draiva yake ya at24 iliwahi kuitumia, na kwenye adapta dhaifu kabisa hupunguza ukurasa wa kuandika hadi baiti moja: inakwenda polepole, lakini data inabaki sahihi kwa sababu hakuna anayeibadilisha wakati unasoma. Thamani inayotembea ni habari nyingine. Chukua chipu yenye kihesabio cha baiti mbili zinazosomwa kwa rejista mbili. Kinasimama kwenye 255, yaani 0x00FF. Unasoma baiti kubwa, 0x00. Kabla hujasoma ndogo, kinahamia 256, 0x0100. Unasoma baiti ndogo, 0x00. Umepata sifuri. Hakuna kosa lililorudishwa, na tukio hilo litatokea labda mara moja kwa wiki. Kabla ya kuruhusu draiva isome vipandevipande, fungua karatasi ya chipu uone kama inashikilia thamani mpaka baiti zote zisomwe. Kama haishikilii, kataa kwenye probe.

Njia ya tatu ni kumwachia regmap, maktaba ya keneli ya kusoma na kuandika rejista. devm_regmap_init_i2c hukagua uwezo wa adapta kwa niaba yako: ikikuta I2C kamili inaitumia, isipoikuta inajaribu bloku, neno au baiti kulingana na upana wa rejista ulioutaja, na ikikosa vyote inarudisha kosa. Kwa chipu yenye rejista nyingi nakushauri uitumie. Na kwa kuwa unajifunza nikwambie wazi: keneli tayari ina draiva ya lm75 kwenye sehemu ya hwmon, inayoshughulikia vipimo kama joto. Isome baada ya kumaliza yako. Utakuta kwenye probe yake inaomba uwezo wa baiti na wa neno, haiombi I2C tupu. Mfumo utakaofungwa kwa mteja ufungwe na hiyo. Imeshaonekana na macho mengi.

Jambo jingine usilisahau: jibu la ndiyo lina mipaka. Biti inasema muamala upo, haisemi urefu wake wala hali ya waya. Bloku ya SMBus katika Linux ni baiti 32, hata kama chipu ina 64. Adapta nyingine zina ukomo wa urefu wa ujumbe au hazikubali kuanza upya katikati. Hayo hukaa kwenye muundo uitwao i2c_adapter_quirks, na keneli hukataa ujumbe unaovunja masharti hayo kwa -EOPNOTSUPP ileile wakati wa kusoma, si wakati wa probe. Ukiiona -95 baada ya ukaguzi kupita, angalia dmesg kwa neno "quirk". Hata Pi yako haiko salama hapa: adapta yake ya bcm2835 imewekewa alama kwamba haivumilii chipu inayoshikilia waya wa saa ili kujipa muda. LM75 haina tabia hiyo, lakini chipu utakayonunua kesho huenda ikawa nayo.

Usichanganye pia kusoma bloku ya SMBus na kusoma bloku ya I2C. Katika ya SMBus chipu ndiyo inayotangulia kutaja idadi ya baiti. Katika ya I2C unaamua wewe. Adapta nyingi za I2C haziwezi kujua urefu katikati ya safari, na ndiyo sababu I2C_FUNC_SMBUS_EMUL haikujumuisha kusoma bloku ya SMBus. Ni biti mbili tofauti. Omba ile ambayo chipu yako inaielewa.

Na kwa kuwa sasa uko kwenye kompyuta ya Intel, nakusihi: kwenye waya hizohizo, anwani 0x50 hadi 0x57 mara nyingi hukaa chipu ndogo zinazoieleza kompyuta RAM yake ikoje. Usiandike huko kwa majaribio. i2cdetect yenyewe hubadili mbinu ikifika eneo hilo, inasoma baiti badala ya kutumia Quick, kwa sababu Quick ilishathibitika kuharibu EEPROM ya AT24RF08 iliyokuwa ndani ya kompyuta nyingi za IBM Thinkpad. Adapta ilikuwa na uwezo wa Quick na ikautangaza kwa haki. Uwezo wa adapta ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye karatasi ya chipu.

Sasa ujaribu yote hayo bila kwenda kwenye baridi. Keneli ina moduli ya i2c-stub, adapta ya kuigiza ambayo haina waya wowote. Kwa kawaida haitangazi I2C tupu, kwa hiyo inafanana na mashine yako ya Intel. Ikiwa imepewa namba 7:

```
modprobe i2c-dev
modprobe i2c-stub chip_addr=0x48
i2cset -y 7 0x48 0x00 0x00ee w
echo baridi 0x48 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-7/new_device
```

Hilo "baridi" liwe jina uliloliweka kwenye orodha ya i2c_device_id. Draiva inapaswa kusoma -18000, yaani -18 kwa elfu za nyuzi. Kisha andika 0x80ee, safari hii ukiongeza -f kwa i2cset kwa sababu draiva imeshaishika anwani, na isome -17500. Ukiona 500 au -127500, hujaweka swapped. Baada ya hapo ondoa moduli ya i2c-stub, uirudishe ikiwa imenyang'anywa uwezo:

```
modprobe i2c-stub chip_addr=0x48 functionality=0x1f0000
```

Namba hiyo inaacha Quick, baiti, na baiti ya rejista, basi. Neno halipo. Ukirudia new_device, draiva isifunge, na dmesg ionyeshe ile sentensi yako yenye jina la adapta na -EOPNOTSUPP au -95 kando yake. Ikifunga, ukaguzi wako una kasoro. Nitumie hiyo probe pamoja na matokeo ya i2cdetect -F ya mashine zote mbili tuiangalie pamoja.